Chura Apaaye na Mkufu wa Mayai

Biyyakutty, Mungu amrehemu, alikuwa na kicheko kilichowaonyesha wageni njia ya kufika nyumbani kwake. Akianza kucheka jikoni, muuza samaki aliyekuwa bado kule chini darajani alijua kwamba mwenye nyumba ameamka na chungu kiko motoni. Watu wa kijijini kwao, Karimbankundu, walisema kicheko hicho ndicho kilichomkimbiza mposaji wake wa kwanza. Mwenyewe alikataa katakata. Alisema yule kijana hakukimbia, alifukuzwa, kwa kuwa alikuwa na shingo ya bata na kila tonge alilinusa kabla ya kulitia kinywani.

Ukweli ni kwamba hakuwa na nafasi ya kuolewa. Mama yao alifariki wakati Nafisu bado ananyonya. Biyyakutty, ambaye wakati huo alikuwa bado anajifunza kufunga ushungi usianguke, alimbeba mdogo wake ubavuni na hakumshusha tena. Baba yao, Biran, alikuwa mwadhini wa msikiti mdogo wa pale kijijini. Sauti alijaliwa, lakini jikoni alikuwa mtu wa kuchemsha maji na kuyaunguza. Kwa hiyo binti akapika, na kwa sababu alipika akiwa na furaha, Mungu akamtia baraka mikononi. Hakukuwa na harusi upande ule wa mlima iliyofanyika bila mkufu wa mayai wa Biyyakutty.

Mkufu wa mayai ni kazi ya subira. Viini hupitishwa kwenye kifuu kilichotobolewa, vikashukia katika shira inayochemka kama nyuzi za dhahabu. Ute nao haumwagwi. Hupigwa mpaka unakuwa povu, ukatiwa iliki, ukapikwa kwa mvuke, ukakatwa vipande vyeupe na kupangwa juu ya zile nyuzi. Biyyakutty aliupiga ute akiwa amekaa kizingitini mwa jikoni, fungu la njiti mkononi, macho yake kwenye mfenesi ulioinamia kisima. Maana kule mfenesini alikuwako mwenzake wa kazi.

Mvua za Juni zikishashika, vyura wa mitini walikuja kwenye mfenesi ule. Walikuwa wa kijani kibichi kama jani la mgomba lililofunguka leo, na ngozi iliyounganisha vidole vyao ilikuwa nyekundu kama mate ya tambuu. Hawakushuka kwa kudundadunda. Walijitupa kutoka tawi la juu, wakatandaza vidole vyote, wakapaa juu ya ua taratibu kama leso iliyoponyoka kambani, mpaka ukingoni mwa kisima. Hapo jike alitafuta jani linaloning'inia juu ya maji, akatoa ute wake, akaupiga kwa miguu ya nyuma mpaka ukawa povu jeupe zito. Ndani ya povu hilo alitaga mayai. Viluwiluwi wakikomaa, povu lililegea, wakadondoka kisimani mmoja mmoja.

"Leo nani kamshinda mwenzake?" Biran alikuwa akiuliza akirudi kutoka msikitini. "Wewe au yule wa mtini?"

"Yeye ana miguu minne, Uppa, mimi nina mikono miwili. Kuna haki hapo?"

Nafisu alipofikia umri, alichumbiwa na Saidu, kijana wa Tanur, huko pwani, aliyekuwa akiuza vitambaa katika duka la jamaa zao. Ndoa ilifungwa kabla ya mvua. Kilichobaki ni ile karamu kubwa ya bwana harusi kuja kula kwa wakweze na watu wake, na baada ya karamu hiyo ndipo mama mkwe hupanga siku ya kumchukua bibi harusi. Basi huko milimani, karamu ya namna hiyo haiendi bila mzaha. Katikati ya vyakula huwekwa sahani moja ya mtego, imefunikwa kawa. Bwana harusi akiifunua anakuta kaa mzima, au kiatu chake mwenyewe. Wanawake nyuma ya pazia hupasuka kwa vicheko, na yeye hulipa faini ya manukato kwa mashemeji. Mwaka mmoja kabla ya hapo, bwana harusi wa jirani alifunua akakuta meno bandia ya babu wa bibi harusi, na babu mwenyewe ameketi mbele yake akitabasamu kwa ufizi mtupu.

Kwa Nafisu, Biyyakutty alitaka mtego utakaosimuliwa mpaka kwa wajukuu.

Asubuhi ya karamu aliona povu moja limening'inia kwenye tawi lililovunjwa na upepo. Tawi lilikuwa limegeuka, halikuwa tena juu ya kisima, liko juu ya matope matupu. Viluwiluwi wale wangedondoka wakafa. Akakata jani pamoja na povu lake, akaliweka kwenye sahani, akalitandia nyuzi chache za mayai juu na pembeni. Akarudi nyuma kidogo kulitazama. Hata yeye aliyejua alihisi njaa.

"Itha, dada yangu, hapana!" Nafisu alisema aliposikia, mkono kinywani. "Watu wa pwani hawa. Hawajui mambo yetu."

"Ndiyo utamu wenyewe. Atafunua, ataona jani la mfenesi chini, atashangaa, tutacheka. Halafu nawarudisha watoto wa watu kisimani. Sahani haifiki kinywani kwa mtu, wewe bibi harusi wa kutetemeka!"

Jambo ambalo Biyyakutty hakulijua ni moja. Huko Tanur, bwana harusi hafunui chakula mbele ya mjomba wake. Kila kinachowekwa mbele yake hukisogeza kwanza kwa mjomba, na mjomba, ili kuwapa heshima wenye nyumba, hula tonge palepale bila kuchaguachagua.

Mjomba aliyekuja na Saidu alikuwa Alavi, fundi saa, mdogo wake mama Saidu. Mtu mtaratibu, mjane, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri. Wanaume wakaketi jamvini kuzunguka sinia, wanawake wakajipanga nyuma ya pazia. Sahani ya kawa ikapita mikononi mwa vijana, ikawekwa mbele ya bwana harusi. Biyyakutty akachungulia penye ufa wa pazia. Saidu akainama kwa adabu, akaisogeza kwa mjomba. Alavi, akiwa katikati ya maelezo kwa Biran kuhusu saa ya msikiti inayochelewa, akainua kawa, akachota kwa vidole vitatu pale penye weupe mwingi, akatia kinywani.

Nyuma ya pazia hakuna aliyecheka.

Alavi akatafuna mara moja. Akaacha kutafuna. Akameza, kwa kuwa kutema kwa wakwe ni aibu. Kijana mmoja wa Tanur akamnyooshea kidole.

"Mjomba! Kwenye ndevu! Kina roho hicho!"

Na kweli, kiluwiluwi alikuwa akijinyonganyonga ndevuni mwa fundi saa. Vijana wakainuka kwa kishindo. Mmoja akasema ni uchawi wa milimani, mwingine akasema ni povu la ng'ombe mgonjwa. Mzee wao akapiga ukelele: "Tumelishwa! Saidu, simama!" Biran alisimama mikono wazi akijaribu kueleza, lakini wageni walikuwa wameshatafuta viatu vyao. Waliondoka bila kumaliza wali na bila kusoma dua ya chakula. Alavi alitoka wa mwisho. Alinawa mikono, akamtazama Biran kama mtu anayetaka kusema neno, kisha akawafuata wenzake mvuani.

Biyyakutty alichukua jani lile, akalikung'uta kisimani viumbe waliosalia waende zao, akakaa chini kando ya ukuta. Mvua ilimnyeshea na hakujali.

"Mzaha mzaha, mwanangu, hutumbuka usaha," Biran alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Baada ya siku chache habari ikaja kutoka Tanur. Kadiyumma, mama yake Saidu, alisema mdogo wake amelishwa kitu kisichojulikana, na mpaka ajue ni nini, Nafisu akae kwa baba yake. Akiona haijulikani, mwanawe atatoa talaka na wala hakutakuwa na ugomvi. Nafisu hakumlaumu dada yake hata kwa neno. Alifungua sanduku lake la harusi, akatoa nguo moja moja, akazirudisha kabatini. Kutoka siku hiyo muuza samaki ilimbidi abishe hodi.

"Uppa," Biyyakutty alisema asubuhi moja baada ya sala, "nipeleke Tanur. Aliyevunja ndiye wa kugundisha."

Kadiyumma alikuwa mwanamke mnene, mwenye vipuli masikio mazima, na ulimi uliojulikana mtaa wote wa vitambaa. Aliwakaribisha kwenye baraza, akawapa maji, kwa sababu maji hayanyimwi mtu. Chai hakuwapa.

"Haya, mpishi. Ulimpa nini mdogo wangu?"

"Kiota cha chura, Umma," alijibu, akimwita mama kwa heshima.

"Kiota cha nini?"

"Cha chura."

Kadiyumma akamgeukia Alavi, aliyekuwa kwenye kona na saa iliyofunguliwa mapajani. "Umesikia? Huko kwao vyura wanajenga viota. Na ndege bila shaka wanaogelea."

"Anakijenga mtini, Umma," Biyyakutty akaendelea, akijua kila neno linamchimbia shimo. "Anapiga povu kwa miguu, kama tunavyopiga ute wa mayai. Kisha... anapaa."

"Nani anapaa?"

"Chura."

Biran akafumba macho.

"Mwadhini," Kadiyumma alisema polepole, "binti yako anamlisha mdogo wangu uchafu, kisha anapanda basi nusu siku kuja kuniambia ni chura apigaye mayai na kupaa. Mimi nina sura ya mjinga?"

"Sura huna, Umma," Biyyakutty akasema, machozi yakimlengalenga. "Lakini ningekuwa naongopa, si ningetunga uongo unaoaminika? Kuliko huu?"

Alavi akaweka bisibisi chini. Watu wote wakamtazama, maana kwa desturi hakuwa msemaji.

"Kilikosa sukari," alisema.

"Wewe!"

"Dada, aliyekula ni mimi. Sikuumwa tumbo wala sikuota ndoto mbaya. Kilikosa sukari, basi. Ubaya wake ni huo tu." Akafuta kioo cha saa kwa kitambaa. "Huyu anasema anapaa. Mimi nataka kumwona mtu niliyemlia nyumba yake. Twende."

Kadiyumma aliguna kwa muda mrefu. Mwishowe akasema atakwenda, lakini hatakunywa hata tone katika nyumba ya Biran mpaka aone kwa macho yake. Asipoona, Saidu atatamka talaka palepale, mbele ya mashahidi.

Walifika Karimbankundu mchana, na jua linawaka! Katikati ya mvua za msimu, mbingu zilikuwa zimekauka kama zimefutwa kwa kitambaa. Mfenesi ulisimama bila kutikisika jani. Mapovu ya zamani yalikuwa yamekwisha kuyeyuka, zimebaki alama kavu kama uji uliomwagikia jani. Kadiyumma akapewa kiti kando ya kisima. Akaletewa maji ya dafu, akayakataa. Akaletewa chai yenye harufu ya iliki, akageuza uso.

"Yuko wapi rubani?" aliuliza.

"Analala mchana, Umma. Anangojea mvua."

"Na mvua?"

"Anayeijua ni Mungu."

"Ahaa. Kwa hiyo shahidi wako wa kwanza amelala na wa pili hajulikani atakuja lini."

Saidu alikuwa amesimama ukutani kama mtu anayesubiri kuchanjwa. Macho yake yalikuwa kwenye dirisha la jikoni, na nyuma ya dirisha hilo alikuwapo Nafisu, ameshika nondo kwa mikono miwili. Biyyakutty aliwaona wote wawili. Akaingia ndani, akatawadha, akaswali rakaa mbili, na katika sijda akasema kwa lugha ya jikoni kwake: "Ee Mola, mdomo wangu ni mrefu, najua. Usimwadhibu mtoto huyu kwa mdomo wangu. Mimi nitanyamaza maisha yangu yote ukitaka. Mpe mvua."

Baada ya alasiri wingu likatokea nyuma ya mlima. Likajivuta, likasita, likajivuta tena. Tone la kwanza lilianguka kwenye kawa iliyoachwa uani, la pili kwenye pua ya Saidu. Kisha mvua ikaja yote kwa pamoja. Alavi alikimbilia chini ya paa, lakini Kadiyumma alifungua mwavuli wake mweusi na kubaki palepale kitini, maana alikuwa ameapa kuona.

Giza la magharibi lilipoanza kuingia, Biran aliondoka kwenda kuadhini. Mfenesini kitu kikagonga, kama mtu anayegonga kijiti kwenye ganda la nazi. Kingine kikajibu.

"Hao, Umma. Wameamka."

"Nasikia kelele. Kelele hata mlango unapiga."

Biyyakutty alikuwa amekaza macho kwenye tawi la juu, midomo ikitembea bila sauti. Kule juu jani moja likajitenga na majani mengine. Halikuanguka. Lilikunjua pembe nne nyekundu, likaja juu ya ua likiteleza kwenye mvua. Alavi alisema "Lahaula!" na jani likatua, pwaa, juu ya mwavuli wa Kadiyumma.

Kitu kile kikateleza polepole kwenye kitambaa kilicholowa, mpaka ukingoni. Hapo mkono mmoja ukashuka, vidole vimetandazwa na ngozi nyekundu kati yake, halafu kichwa cha kijani, kichwa chini miguu juu, kikamtazama Kadiyumma usoni, pua kwa pua.

"Bismillahi," Kadiyumma alisema kwa sauti ndogo.

Chura akapepesa macho, jicho moja kisha la pili.

"Ana macho ya shangazi yetu wa Parappanangadi," Kadiyumma akasema. "Alavi, hebu tazama. Si yeye kabisa? Hata namna ya kumtazama mtu kama anakudai."

Chura akajitupa tena, akapita mbele ya Saidu, akakamata jani juu ya kisima. Dume alikuwa anamngojea pale. Kadiyumma aliinuka na mwavuli wake, akasogea, akainama juu ya ukuta wa kisima na kukaa hivyo kwa muda mrefu. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha miguu ya nyuma ya jike ikaanza kazi, kushoto na kulia, kushoto na kulia, na ute ukaanza kuumuka, ukawa mweupe.

"Subhanallah," Kadiyumma alinong'ona. Yeye naye alikuwa mpishi, na mpishi humjua mpishi. "Anapiga kwa mkono mwepesi. Na bakuli hana."

"Wala hatii magadi, Umma."

"Mimi nikipiga mabega yanawaka moto. Huyu hata hatoi jasho." Akamgeukia mdogo wake aliyekuwa amesogea chini ya mwavuli. "Na wewe mlafi ukaila nyumba ya huyu! Mama mwenye kazi yake, anawajengea wanawe!"

"Nilipewa, dada. Nikakataa vipi?"

Kadiyumma akaanza kutikisika. Biyyakutty alidhani analia, mpaka aliposikia sauti. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha tumbo zima, na kabla hajajizuia Biyyakutty naye akadakia, na jikoni Nafisu, na vicheko vyao vikapanda pamoja na adhana ya Biran hata ikabidi wanyamazishane kwa aibu na kuiitikia adhana.

Biran aliporudi, alimkuta Kadiyumma jikoni, amekalia kibao, kikombe cha tatu cha chai mkononi.

"Mwadhini, nimeona. Nimebaki na swali moja la dini. Huyu Alavi ana dhambi?"

"Aliyekula bila kujua hana lawama," Biran alisema. "Aliyelisha ndiye wa kutubu. Naye ametubu mpaka amekonda."

"Amekonda? Basi alikuwaje kabla?" Akamwita Nafisu, akamketisha karibu, akamfuta uso kwa pindo la nguo yake mwenyewe. "Kesho tunaondoka pamoja, mwanangu. Funga sanduku lako. Lakini kule kwangu sahani zote zitakaa wazi."

Asubuhi gari lilipokuwa likipakiwa, Biyyakutty alifunga na kufungua sanduku la mdogo wake mara kadhaa bila sababu. Alikuwa amepata alichokiomba, na alichokiomba kilikuwa kinaondoka. Nafisu alimkumbatia shingoni kama alivyokuwa akifanya utotoni, asitake kushuka. Walilia, wakachekana kwa kulia, wakalia tena.

Kadiyumma akamvuta Biran pembeni, ingawa sauti yake haikujua pembeni.

"Mwadhini, mmoja nimemchukua kwa vurugu. Wa pili nitakuja kumwomba kwa adabu, mvua zikikatika. Mdogo wangu amekaa na saa zake miaka mingi. Tangu mlipokuja Tanur hajarekebisha hata moja, alikuwa akiuliza tu lini tunakuja milimani."

Biyyakutty alikimbilia nyuma ya mlango wa jikoni. Alavi aliitazama ardhi. Biran, ambaye hakuwa amejiandaa, akasema kwamba binti mwenyewe ndiye wa kuulizwa.

Nyuma ya mlango sauti ikatoka: "Muulizeni kwanza kama anaweza kula chakula changu."

"Mwambieni," Alavi alijibu, taratibu kama kawaida yake, "tumbo limeshajaribiwa."

Alimwoa baada ya mvua, na kwa kuwa Biyyakutty alikataa kumwacha baba yake peke yake, fundi saa akahamia mlimani. Saa ya msikiti ikaacha kuchelewa. Waliishi pamoja miaka mingi kwa wema, mpaka Alavi alipotangulia, naye Biyyakutty akamfuata mwaka huu, mwezi wa mvua, siku ya Ijumaa. Maji ya kumwoshea yalitekwa kisimani pale pale. Mungu awakutanishe mahali ambapo hakuna kuagana.